Kompyuta Ikitoka Kwenye 1KZ-TE, Kazi Zake Apewe Nani?

Ndugu mafundi, madereva, wenye magari, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii gerejini, salaam.

Mazungumzo ya leo yanahusu ombi ambalo kila fundi wa dizeli amelisikia: "Fundi, toa hiyo kompyuta, niwekee pampu ya kawaida." Kompyuta hapo ni ile inayoamuru pampu ya mafuta kwa umeme, na pampu ya kawaida ni ya kimakanika. Gari linalotajwa mara nyingi ni lile lile: Surf, Prado au pikapu ya Hilux, zote za Toyota, yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Tumeichagua injini hiyo kwa makusudi. Imejaa barabarani kwetu, pampu yake ya umeme inasumbua, na ni moja ya injini chache za kompyuta zinazokubali kurudishwa kwenye umakanika bila kuharibu asili yake. Inakubali, lakini kwa masharti.

Kabla ya kushika spana, kuna swali moja la kuuliza kuhusu injini yoyote, iwe ya lori au ya pikapu: nozeli yake, ile inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda, inafunguliwa na nini? Kama inafunguliwa na msukumo wa mafuta dhidi ya springi, pampu ya kimakanika inaweza kuilisha. Kama inafunguliwa na umeme, mjadala umeisha. Ndiyo sababu 1KD-FTV, ile D-4D iliyoirithi 1KZ-TE, haigeuzwi. Pampu yake haigawi mafuta wala haipangi muda. Inajaza reli tu, yaani bomba moja linalolisha nozeli zote, kwa msukumo unaofika bar 1,350 na zaidi, kisha kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ipi ifunguke na kwa muda gani. Ukiitoa kompyuta hapo, unabaki na chuma kilichokaa kimya. Mwenye 1KD iliyomchosha atafute injini nyingine nzima. Anayemwambia kuna pampu ya kufunga anataka pesa yake.

Upande wa malori mfano mzuri uko Marekani. Cummins ya lita 5.9 yenye valvu 24, iliyofungwa kwenye Dodge Ram kuanzia 1998 hadi 2002, ilikuja na pampu ya umeme ya Bosch, VP44. Nozeli zake zilibaki za springi. Kwa hiyo mafundi wa huko huifungia P7100, pampu ya mstari iliyotoka kwenye Cummins ya valvu 12 ya miaka iliyotangulia. Kazi hiyo inadai keisi ya gia za mbele ya ile injini ya zamani, kwa kuwa ya VP44 haina mahali pa kuishikilia P7100. Inadai pia paipu za nozeli zilizotengenezwa maalumu, pampu ya kuvutia mafuta kutoka tenki, na njia ya oili ya injini, maana P7100 inalainishwa kwa oili. Walio huko wakumbuke kwamba kuondoa vifaa vya kudhibiti moshi kwenye gari la barabarani ni kosa kwa sheria yao ya hewa safi. Walio kwingine waulize sheria ya walipo kabla ya kuanza.

Turudi kwenye 1KZ-TE. Ni injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,982, yenye tabo na mgandamizo wa 21.2 kwa 1. Nozeli zake hazipigi moja kwa moja juu ya pistoni, zinapiga ndani ya vyumba vidogo vilivyomo kwenye hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda kwa juu. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu, na maelezo haya yote yatakuwa yanaizunguka hiyo hedi, maana joto likizidi inapasuka.

Pampu yake ya Denso, ukiifungua, ina planja, yaani pistoni nyembamba inayosukuma mafuta, inayozunguka na kupiga kama pampu yoyote ya kugawa. Tofauti iko juu yake. Hakuna gavana, yaani kidhibiti cha mafuta kinachofuata mwendo, wa vyuma vinavyotanuka. Mahali pake pana valvu ya kumwagia, inayofunguka kwa amri ya kompyuta na kukata msukumo katikati ya pigo. Hapo ndipo kiasi cha mafuta kinapoamuliwa. Chini kuna valvu ya taimingi inayopunguza au kuongeza msukumo kwenye pistoni ya kuwahisha muda. Ndani kuna senza inayosoma meno ya shafti na kuiambia kompyuta mwendo wa pampu, na ubavuni kuna senza ya joto la mafuta.

Sasa sikilizeni kabla hamjaikimbia. Sehemu kubwa ya magari yanayoletwa "yatolewe kompyuta" hayana ugonjwa wa kompyuta. Yana hewa inayoingia kwenye mpira wa mafuta uliochoka, filta iliyoziba, waya wa bodi uliooza, au panya aliyekula nyaya. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, washa swichi, uhesabu taa ya injini inavyopepesa, hiyo ndiyo namba ya kosa. Weka kipande cha mpira wa kuonea ndani kabla ya pampu uone kama mafuta yanapita na mapovu. Pima valvu ya kumwagia: upinzani wake ni mdogo sana, omu 1 hadi 2, kwa hiyo gusanisha kwanza ncha mbili za mita yako, usome upinzani wa nyaya zake, kisha uutoe kwenye kipimo. Mita ya bei rahisi yenye nyaya mbovu imewahi kuhukumu valvu nzima kuwa mbovu. Kama tatizo ni waya wa shilingi elfu chache, mwambie mteja ukweli.

Ugeuzaji una sababu za haki: pampu ya umeme imekufa na mbadala wake mzima haupatikani, nyaya zimeungua zote, au injini inahamishiwa kwenye gari, boti au mashine ambayo haikuzaliwa nayo. Katika hali hizo, endelea. Lakini ukae na karatasi, uandike kila kazi iliyokuwa ikifanywa na kompyuta, na mbele ya kila kazi uandike kifaa kitakachoirithi. Kazi ikibaki bila mrithi, ndipo gari linaporudi gerejini likivutwa.

Kiasi cha mafuta kinarithiwa na gavana wa pampu mpya. Muda wa kupiga unarithiwa na pistoni ya taimingi inayosukumwa na msukumo wa ndani ya pampu, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Kupunguza mafuta tabo inapokuwa haijajaza hewa kunarithiwa na diaframu iliyo juu ya pampu. Hivyo vitatu vinakuja na pampu sahihi. Vilivyobaki, yaani kupasha hita plagi (plagi za kupasha moto injini kabla haijawaka), kuwahisha muda injini ikiwa baridi, kuongeza mzunguko eya kondishena ikiwashwa, kuzima injini, geji ya mzunguko na gia otomatiki, hivyo vyote ni juu yako fundi.

Pampu sahihi ni ipi? Ni ya 1KZ-T, ndugu wa injini hii asiye na kompyuta, ambaye Toyota walimfunga kwenye baadhi ya Land Cruiser za 70. Inakaa mahali pale pale na inazungushwa na gia zile zile. Namba za Toyota za pampu za dizeli zinaanza na 22100. Soma kibati kilicho ubavuni, uiandike namba nzima, maana vipimo vyote vya mbele vinaifuata hiyo.

Tunajua vilevile kwamba wako wanaofunga pampu za injini nyingine za silinda nne. Hatupendi, lakini hatutajifanya hazipo. Anayefanya hivyo ahakikishe mambo manne: upande inakozungukia, unene wa planja, umbo la shafti na kii yake (kipande cha chuma kinachoishikanisha na gia), na kama ina diaframu ya tabo. Kwenye pampu zilizoandikwa kwa mtindo wa Bosch kibati kinasema chenyewe. VE4/12F1900R, kwa mfano, maana yake ni silinda 4, planja ya milimita 12, gavana wa kimakanika, mwendo wa pampu 1900 kwa dakika, na R ni mzunguko wa kulia ukiitazama kutoka upande wa shafti. Ikiwa na E mahali pa F, hiyo ni ya umeme, umeuziwa ugonjwa ule ule. Pampu ya injini isiyo na tabo itawasha gari na kulitembeza, lakini haina diaframu. Ukiifungua imwage mafuta ya kutosha mlimani, itatoa moshi mweusi kila unapoondoka kwenye taa.

Kabla ya kufungwa, pampu iende kwa fundi pampu mwenye benchi ya kupimia. Asikuambie "iko poa" kwa mdomo. Akupe karatasi yenye kiasi cha mafuta kwa mapigo 1,000 katika miendo tofauti, tofauti kati ya matundu manne ya kutolea mafuta, na msukumo wa ndani wa pampu. Abadilishe oili sili ya shafti hata kama haivuji. Hili si ubishi wa bure: pampu hii inakaa kwenye keisi ya gia, na sili ikivuja, dizeli haidondoki chini ukaiona. Inaingia kwenye oili ya injini kimya kimya. Stiki ya oili inaonyesha oili imeongezeka, mwenye gari anafurahi injini yake haili oili, na beringi za krenki zinaoga dizeli.

Vifaa vingine viandaliwe siku hiyo hiyo: nozeli nne zilizopimwa msukumo wa kufunguka, zisipishane zaidi ya bar 5 baina yao, washa mpya za chini ya nozeli, paipu nne za nozeli zinazoendana na pampu hiyo, mpira mpya wa mafuta wa milimita 8 na klipu zake, kebo ya ekseleta na bracketi, rilei ya hita plagi, fyuzi, na bati la chuma la milimita 3 la kuzibia EGR, ile njia ya kurudisha moshi ndani ya injini. Paipu zisikunjwe kwa mkono zifike. Urefu wa zote nne ni sawa kwa makusudi, kwani mafuta yanasafiri ndani yake kama wimbi, na paipu iliyokunjwa kwa nguvu hupasuka penye kunjo, ikarusha dizeli juu ya ekzosi.

Kufunga kwenyewe. Leta silinda ya kwanza juu, kwenye mgandamizo, alama za krenki na kemu zikikutana. Paka rangi nyeupe jino la gia ya pampu na mawili ya gia inayoshikana nalo. Mkanda wa taimingi ukikaribia kilomita 100,000, huu ndio wakati wake. Gia imekaa kwenye shafti kwa mbano wa koni. Legeza nati, tumia pula. Fundi anayegonga ncha ya shafti kwa nyundo anapeleka pigo moja kwa moja kwenye planja na bamba la kemu la pampu aliyoilipia. Angalia kii haijadondoka ndani ya keisi. Ikidondoka, usiwashe kwa kusema itakaa chini. Itafute.

Sasa taimingi, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo hedi za aluminiamu zinapouawa. Nyuma ya pampu, katikati ya matundu manne, kuna boliti ndogo ya kuziba. Ifungue, ingiza geji ya saa, ile yenye mshale unaosoma sehemu za mia za milimita, ncha yake iguse planja. Kama pampu ina kifaa cha nta cha kuwahisha muda wakati wa baridi, lazima kwanza ukiondolee nguvu: sukuma lever yake, uweke kibati cha milimita 8.5 hadi 10 kati yake na kijiti cha nta. Usipofanya hivyo utaseti muda ukiwa umeshawahishwa, na injini ikipata joto utashangaa imekuwa nzito.

Zungusha krenki kinyumenyume kama digrii 25 hadi 30, mshale wa geji utashuka kisha utatulia. Hapo weka sifuri. Tikisa krenki kidogo huku na huku, mshale usisogee. Ukisogea, hujafika chini kabisa. Kisha zungusha mbele, polepole, hadi alama, bila kurudi nyuma hata kidogo. Ukipitiliza, rudi nyuma mbali, uanze tena, vinginevyo ulegevu wa meno ya gia utaingia kwenye kipimo chako. Soma planja imepanda kiasi gani, ulinganishe na kipimo cha kitabu kwa namba ile ya pampu. Kipimo cha 1KZ-TE hakifai hapa. Na ile desturi ya "weka milimita moja, zote ni sawa" muiache. Sehemu chache za mia zinatosha kubadilisha mlio wa injini.

Kurekebisha, legeza nati za flenji na uzungushe mwili wa pampu. Ukiuzungusha kinyume cha upande shafti inakozungukia, unawahisha. Ukiuzungusha kuufuata, unachelewesha. Kaza, pima tena kwa kuanzia mwanzo, maana kukaza kwenyewe kunasogeza. Rudisha boliti na washa mpya ya shaba. Injini iliyowahishwa mno inagonga kwa sauti kavu, inaamka upesi, ina nguvu ya kufurahisha siku ya kwanza, na joto la hedi linapanda. Iliyocheleweshwa inatoa moshi mweupe asubuhi, haina mvuto, na inachoma mafuta ekzosi, tabo ikawa nyekundu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa hedi ya 1KZ hauzibiki, unanunua hedi.

Paipu zifuate mpangilio wa kuwaka, 1-3-4-2, kwa upande shafti inakozungukia. Boliti ya kurudishia mafuta imepigwa chapa OUT kichwani na ndani ina kitundu chembamba sana. Kitundu hicho ndicho kinachobana mafuta ili msukumo wa ndani upande. Ukiibadilisha na ile ya kuingizia, na zinafanana kwa spana, msukumo hautajengeka, muda hautawahi, na utahangaika na pampu nzima isiyo na kosa.

Toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, kisha legeza nati za paipu upande wa nozeli, piga stata kwa sekunde kumi kumi hadi mafuta yatoke, kaza. Usipige stata dakika nzima. Na usiisaidie kwa petroli ya kunusisha wakati hita plagi zina moto. Mgandamizo wa 21 kwa 1 hauvumilii utani huo.

Upande wa hewa. Kwenye njia ya kuingizia kuna bamba la kufungia hewa lililokuwa likiendeshwa kwa amri ya kompyuta. Sasa halina bosi, na likijifunga katikati ya safari injini itabanwa pumzi. Ama lifunge wazi kabisa, ama litoe. Ukilitoa, hesabu skrubu zake mbili, uzione zikiwa mezani, kisha ziba matundu ya shafti. Skrubu iliyobaki ndani itapita kwenye valvu na kukutana na pistoni. EGR izibwe kwa bati la milimita 3 lililokatwa kwa mfano wa gasketi.

Kebo ya ekseleta ihamishiwe kwenye lever ya pampu. Mtu akae kwenye kiti akanyage mpaka chini: lever iguse kizuizi chake cha mwisho wakati ule ule pedali inapogusa sakafu. Ikigusa mapema, mguu wa dereva utakuwa unavuta lever na kuipinda. Pedali ikiachwa, kebo iwe na ulegevu kidogo, lever ikae kwenye skrubu ya sailensa yenyewe, yaani ya mwendo wa injini mguu ukiwa haujakanyaga. Sailensa iwe kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Skrubu ya mwendo wa juu ina lakiri, iacheni na lakiri yake.

Umeme uliobaki ni mchache, na unatakiwa uwe safi. Solenoidi ya kukata mafuta inahitaji volti 12 kupitia fyuzi ya ampea 10. Chukua umeme kwenye waya wa IG (wa kuwashia injini), usichukue wa ACC (wa redio na vifaa vidogo), kwani ACC hukatika unapopiga stata, nawe utapiga stata mpaka betri ilale huku pampu imefungwa. Kumbuka vilevile kwamba ule ulinzi wa ufunguo wa kompyuta, kwa magari yaliyokuwa nao, umekwisha: mwizi akiipa solenoidi volti 12, gari linaondoka. Ongeza swichi ya siri kwenye waya huo, mahali anapojua mwenye gari peke yake.

Hita plagi: soma volti iliyochapwa kwenye mwili wa plagi. Zipo zilizotengenezwa kupashwa haraka kwa volti ndogo. Ukizipa 12 moja kwa moja zinakatika siku hiyo hiyo. Kwa za volti 12, tumia rilei ya ampea 80, waya usiopungua milimita 10 za mraba, na kitufe cha kubonyeza badala ya swichi ya kuwasha na kusahau. Dar es Salaam na Mombasa utaona kama hazina kazi. Peleka gari Njombe mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ndipo utajua kwa nini injini yenye vile vyumba vidogo inazihitaji.

Gia otomatiki ni mahali ambapo tunashauri wengi warudi nyuma. Ile inayokuja na 1KZ-TE inabadilisha gia kwa solenoidi, na kompyuta inahitaji kujua mguu umekanyaga kiasi gani. Ukikata kila kitu, gia zitabaki mahali pamoja. Njia iliyopo ni kuiacha kompyuta ikiwa hai kwa ajili ya gia peke yake, na kuifunga senza ya ekseleta kwenye lever ya pampu mpya ili ziende pamoja. Inawezekana, ni kazi ya subira, na gari halitakuwa tena "bila kompyuta". Mwenye gia za mkono ana nusu ya kazi. Geji ya mzunguko ipewe ishara na senza iliyo kwenye pampu kama ipo, au iwekwe geji inayosoma terminali ya W ya alteneta. Mzunguko wa eya kondishena urithiwe na diaframu ndogo ya vakyumu inayovuta lever kidogo, kupitia valvu ya volti 12 iliyounganishwa na kompresa.

Nyaya za zamani msizikate. Zichomoe soketi kwa soketi, kila moja ifungwe kijikaratasi chenye jina, zifungwe tepu.

Sasa tuseme habari ya mlima. Kompyuta ilikuwa ikipima hewa na kupunguza mafuta hewa ikipungua. Pampu yako mpya haijui iko wapi. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Tabo na diaframu vinafidia sehemu, havifidii yote. Toyota wenyewe kwenye baadhi ya injini zao za 1HZ waliweka kifaa cha kupunguza mafuta nyanda za juu, kwa sababu hiyo hiyo. Ukiiseti pampu Mombasa hadi mwisho wa nguvu, mzigo ukipanda mlima wa Mai Mahiu, Kenya, utaacha wingu jeusi nyuma. Ukiiseti juu, pwani gari litakosa nguvu kidogo tu na kila kitu kitapona. Sisi tunachagua la pili bila kusita.

Skrubu ya mafuta ya mwisho iko nyuma ya pampu na nati yake ya kufungia. Iguseni baada ya yote kuwa sawa, kwa robo ya robo ya mzunguko, na kila ukiizungusha kuingia, sailensa inapanda, kwa hiyo irudisheni. Mwenye kuendelea kuizungusha atafika mahali injini haishuki tena mguu ukitoka. Hapo gavana ameshindwa. Fungeni geji ya joto la moshi kabla ya tabo. Kwa hedi hii hatukubali mlima mrefu uendeshwe juu ya digrii 700, na tukiona 650 zinakaa muda mrefu tunapunguza. Jaribio la kweli ni mlima wa Kitonga, Iringa, kukiwa na mzigo, gia ya tatu, joto la maji likiangaliwa na mtu wa pembeni. Kuzunguka mtaa mara mbili hakupimi kitu.

Gari likirudi na malalamiko, msikimbilie skrubu. Sailensa inayopanda na kushuka yenyewe ni hewa, hakikisha mipira kwanza. Nguvu hakuna na moshi hakuna, tazama kimpira kinachotoka manifoldi kwenda diaframu; kikipasuka, pampu inaamini tabo haifanyi kazi. Kijaribu kwa pampu ya mkono ya hewa, msukumo usishuke. Moshi mweusi mwendo wa chini tu, diaframu imewekwa legevu. Inaamka vizuri ikiwa baridi, inagoma ikiwa ya moto: planja na hedi ya pampu vimelika, mafuta mepesi ya moto yanapenya pembeni. Mwagia pampu maji kidogo ya uvuguvugu, usimwagie ya baridi yakaipasua; ikiwaka, umeshajua. Haizimi ukizima swichi: solenoidi imekwama, au umeme unaingia kwa njia ya nyuma kutoka kwenye taa. Dereva afundishwe mapema kwamba gari la gia za mkono linazimwa kwa kuingiza gia ya juu, kukanyaga breki na kuachia klachi.

Baada ya kilomita 500, vuta stiki ya oili, unuse. Ikiwa na harufu ya dizeli au imepanda juu ya alama, pampu itoke, oili imwagwe, bila majadiliano. Kaza tena nati za paipu, badilisha filta ya mafuta, maana uchafu wa tenki la zamani umeshatikiswa. Pima taimingi mara ya pili injini ikiwa baridi.

Kabla ya kukabidhi, piga kibati kidogo cha aluminiamu kwenye ukuta wa injini: namba ya pampu, kipimo cha planja ulichokiseti, msukumo wa nozeli, tarehe na kilomita. Pampu ya zamani, kompyuta na senza zake viwekwe kwenye boksi moja apewe mwenye gari, asaini kwamba amevipokea.